Sauti ya Kipande cha Reli

Filipo alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Sote tunazaliwa nao, lakini wengi wetu hupona tukishaota ndevu. Yeye ndevu zilimtoka, zikaanza hata kuingia mvi, na ugonjwa uko palepale. Alipokuwa kibarua wa genge la reli, katika njia ile inayotoka Kilosa kwenda Mikumi, wenzake walikuwa wakila muhogo wao kivulini saa ya mapumziko, naye amepiga magoti juani akichungulia nafasi zilizoachwa kati ya chuma na chuma. Alitaka kujua kwa nini reli isiungwe moja kwa moja. Mnyapara alimwambia kwamba chuma hurefuka kikipata joto. Mtu mwingine angeridhika na jibu hilo. Filipo alikuja alfajiri akapenyeza kidole katika nafasi ile, akarudi mchana jua likiwa utosini akajaribu tena kidole kilekile, na kilipokataa kuingia alicheka peke yake mpaka wenzake wakamwonea huruma.

Mtu wa namna hiyo ni raha tupu ukiwa jirani yake. Ukiwa mke wake ni habari nyingine.

Mke wake, Lea, alikuwa akikaa milimani juu ya Berega, katika nyumba iliyosimama kwenye ardhi ya upande wa mama yake, kama ilivyo desturi ya watu wa huko. Filipo alipanda kumwona kila alipopata likizo. Huko milimani Lea alijulikana kwa sauti. Kanisani aliimba, ndiyo, lakini mahali pake hasa palikuwa kwenye uwanja wa kupuria mtama. Wanawake wakishashika fimbo zao, hakuna aliyethubutu kuanzisha wimbo Lea akiwepo. Kulikuwa na wimbo mmoja wa kupura, wa zamani, ambao katikati yake ulikuwa na mahali pa kugeuka, na pale pa kugeuka wenzake wote walinyamaza wakamwachia apite peke yake, kisha wakampokea upande wa pili. Filipo aliusikia wimbo huo kwa mara ya kwanza akiwa kijana mgeni aliyefika kuomba maji. Maji aliyasahau.

Basi ikaja miaka ya vijiji. Serikali ilitaka watu wakae pamoja na kulima pamoja, na kijiji kimoja cha ujamaa kikapimwa kando ya reli, kikapewa jina la Tushikamane. Vibarua wa genge waliambiwa kwamba anayetaka kiwanja ajiandikishe pamoja na familia yake. Mkono wa kwanza kupanda mkutanoni ulikuwa wa Filipo. Usidhani ni siasa iliyounyanyua mkono ule. Alitaka tu kuona itakuwaje watu wasiojuana, huyu katoka bondeni na Uislamu wake, yule katoka mlimani na Biblia yake, wakishika majembe katika shamba moja.

Na hapo alifanya mambo yote kama inavyotakiwa. Mwanamke wa milimani hahamishwi kama gunia la mahindi. Filipo alipanda na jembe jipya na mbuzi, akaenda kwa Mzee Stefano, mjomba wa Lea, maana mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba akaulizwa. Wazee wa ukoo wakaulizwa. Mchungaji naye, kwa heshima, akaulizwa. Wote wakasema hapana ubaya. Siku hiyo ya kuulizana Lea alikuwa jikoni akisonga ugali wa hao waliokuwa wakiulizwa, na ulipoiva aliupakua, akawanawisha mikono mmoja baada ya mwingine. Filipo, bingwa wa maswali, aliondoka ameridhika kwamba kila mtu ameulizwa.

Lori lilipokuja kuwachukua, wanawake wa mlimani walimwomba Lea aanzishe wimbo wa kuagana. Alikuwa amekwisha kukaa juu ya mizigo yake. Akawaambia, bila hasira, kwamba ataimba siku atakayorudi.

Filipo alidhani ni uchungu wa kuhama tu, na kwamba utapita kama unavyopita mafua. Haukupita. Tushikamane Lea alilima, alipika, alicheka na majirani, alimwamkia kila aliyestahili shikamoo na kuitikia marahaba kwa waliomwamkia, lakini Jumapili watu wakiimba yeye alisimama nao amefumba mdomo. Binti yao, Magreti, alikuja kutembea na mtoto wake mchanga, mjukuu wa kwanza. Lea alimbembeleza mtoto yule kwa kumtikisa tu, kimya, mpaka akalala. Filipo aliyaona hayo kutoka mlangoni. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu duniani, kuisikia tena sauti ya mkewe, na hakujua pa kuanzia.

Wakati huo alikuwa na kazi nyingine ambayo haikumsaidia kitu. Mwenyekiti wa kijiji, Melkizedek, alitaka kengele ya kuwaita watu shambani, na kwa kuwa Filipo ni mtu wa reli, akaombwa atafute chuma. Akakipata kipande cha reli kilichokatwa, cha urefu wa mkono, kikaning'inizwa kwa mnyororo kwenye mkwaju mbele ya ofisi ya kijiji. Aliyekileta ndiye akapewa nyundo. Basi kila alfajiri Filipo alikipiga, na sauti yake ilikwenda mpaka ng'ambo ya mto, na kila mwenye usingizi mtamu alimtaja Filipo kwa maneno ambayo si ya kuandika. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya karibu kabisa na mkwaju ule. Lea aliamshwa na nyundo ya mumewe kabla ya mtu mwingine yeyote kijijini.

Gitaa Filipo alilikuta Mikumi. Alikuwa amepeleka baiskeli kwa Cornel, fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni, akaliona limetundikwa ukutani katikati ya ringi na minyororo. Mpigaji wa bendi moja ya Morogoro alilileta limepasuka ubavu, akaacha maelekezo, hakurudi tena. Cornel alikuwa amelipaka gundi, akaziba ufa kwa kibao, na nyuzi zilizokosekana akaweka waya za breki za baiskeli alizozichambua zikawa nyembamba. Filipo aliomba alishike. Akaweka jicho kwenye tundu, akachungulia ndani, akauliza kuna nini humo. Cornel akamwambia hamna kitu. Filipo akagusa uzi mmoja, ukalia, akamtazama Cornel kama mtu aliyedanganywa.

"Hamna kitu, halafu sauti inatoka wapi?"

Cornel alikuwa mtu wa kucheka, akacheka. Wakakubaliana jogoo na kikapu cha maharage, na Filipo akaendesha baiskeli kurudi Tushikamane akiwa na gitaa mgongoni limefungwa kwa mpira wa tairi. Njiani lile wazo lilimjia polepole. Kama angeweza kuupiga ule wimbo wa kupura, mwanzo hadi mwisho, Lea angeusikia. Na akiusikia, nani ajuaye. Mtu ukisikia wimbo wako unapigwa karibu na jiko lako utafumba mdomo mpaka lini?

Kabla hajaondoka Cornel alikuwa amempa somo, na somo lenyewe lilikuwa sahihi. Alimwambia kwamba nyuzi za gitaa hupatanishwa kwa kufuatana. Unautafutia sauti uzi wa kwanza, ule mnene, kisha unaubana hapa, penye alama ya rangi, na uzi wa pili lazima uiitikie sauti hiyo. Wa pili nao unaubana, wa tatu unaitikia, hivyo hivyo mpaka mwisho. Filipo akauliza, na huo wa kwanza unaitikia nini? Cornel akafikiri, akasema kwamba katika bendi huchukua sauti kwenye chombo ambacho hakibadiliki.

Filipo alilichukua neno hilo kama lilivyo. Alifika kijijini, akatazama huku na huku akitafuta kitu kisichobadilika. Jogoo hubadilika, mwenyekiti hubadilika, filimbi ya treni hutegemea dereva. Kilichobaki kilikuwa kinaning'inia kwenye mkwaju. Basi alikaa chini ya mkwaju na gitaa lake, akakigonga kipande cha reli kwa upole, akaukaza na kuulegeza ule uzi mnene mpaka sauti mbili zikawa moja, na zilipokuwa moja nywele zilimsimama. Hakujua kwamba kipande kile kilikuwa kimekatwa bila kipimo chochote, na kwamba sauti yake ilikuwa chini, mbali na sauti wanayoitumia wapiga magitaa wa dunia nzima. Angejuaje? Gitaa lake lilipatana na kengele ya kijiji, na kijiji kizima kiliamka kwa kengele hiyo.

Kujifunza kwenyewe kulikuwa kazi ya mateso na furaha. Mtu aliyeshika nyundo miaka na miaka ana vidole kama mihogo, na Filipo akibana uzi mmoja alikuwa amebana miwili. Alijifunza kusimamisha kidole wima, kama mtu anayetoa mwiba. Alikaa kila jioni jua likiwa bado juu, kwenye kreti tupu nje ya jiko, na kuku wakaja kumtazama. Alikuwa na majaribio yake. Alimwaga punje za ulezi juu ya tumbo la gitaa aone zitakavyoruka, na zikaruka, na kuku wakazila. Aliziba tundu kwa kitenge cha Lea, akasikia sauti imezimika, akaelewa kwamba ile "hamna kitu" ya ndani ndiyo kazi yenyewe. Aliuma ukingo wa gitaa kwa meno huku akilipiga, akasikia sauti ikimpanda fuvuni, akabaki ameuma hivyo muda mrefu hata jirani mmoja, Hildegarda, akaenda kumuuliza Lea kama nyumbani kuna chakula.

Lea alisema tu, "Mwache. Na hilo nalo atalichoka."

Hakulichoka. Siku zikaenda, mvua zikanyesha zikakatika, na vidole vikaanza kujua njia. Alianza kuutafuta ule wimbo wa kupura. Mwanzo aliupata, maana mwanzo ni rahisi. Mwisho aliupata. Palimshinda pale pa kugeuka, pale ambapo wenzake Lea walikuwa wakinyamaza. Alikumbuka kwamba palikuwa pazuri kupita kiasi, lakini uzuri wenyewe ulikwendaje hakukumbuka. Alipandisha sauti. Hapana. Akaipandisha zaidi. Hapana. Kila jioni alifika palepale akakwama, na kila alipokwama, jikoni kulisikika kishindo cha mwiko unaogongwa kwenye sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Lea alikuwa akisikia. Alijua kosa liko wapi, tena lilimwasha kama upupu, na alinyamaza. Filipo alilijua hilo. Lakini kumwomba amwonyeshe aliogopa, maana alijua atajibiwa kwa lile neno la siku ya lori.

Sasa kijijini kulikuwa na kwaya iliyoongozwa na Costancia, mwalimu wa elimu ya watu wazima, mwanamke mfupi mwenye amri kubwa. Kwaya yake ilichanganya watu wote, Waislamu na Wakristo, na iliimba nyimbo za kilimo. Aliposikia kuna gitaa kwa Filipo, akaja na kwaya nzima. Waliimba wakifuata gitaa lile, na sauti ikawakaa vizuri ajabu. Hata akina mama waliokuwa wakiogopa kupanda juu walijikuta wanaimba bila taabu. Wakaona wamepata kipaji, kumbe wamepata kipande cha reli. Costancia akachukua ule wimbo wa kupura, akautilia maneno mapya ya shamba la ujamaa, na pale pa kugeuka, kwa kuwa hakuna aliyepajua, wakaparuka tu. Akatangaza kwamba watakwenda nao Kilosa, kwenye mashindano ya kwaya za vijiji siku ya Saba Saba.

Filipo aliomba jambo moja: Lea awemo katika msafara. Costancia akamweka kuwa msimamizi wa chakula na sare. Lea alikubali, maana Kilosa alikuwa hajaiona vizuri, na mtu anaweza kubeba sufuria bila kuimba.

Walikwenda kwa treni asubuhi. Kilosa ilikuwa imefurika. Vipaza sauti vilikuwa vikikoroma kwenye uwanja, vijana wa gwaride walipita wakipiga buti chini, na treni za reli kubwa ziliingia na kutoka zikipiga honi. Chini ya turubai waliko wasanii, Filipo alikutana na Thadeo, mpigaji gitaa wa bendi iliyoletwa kuburudisha wageni. Thadeo alikuwa mtu mwema. Alimsalimu Filipo kwa heshima ya umri, akaliomba gitaa alitazame, akastaajabia waya za breki, akapiga uzi mmoja, na uso ukamkunjamana kama mtu aliyekunywa chai ya chumvi. Akasema nyuzi zimelegea mno, hazipatani na kinanda cha bendi wala na kitu chochote. Kabla Filipo hajafungua mdomo, Thadeo alikuwa amekwisha kuzikaza zote, kwa upendo kabisa, mpaka zikapatana na kinanda. Akamrudishia gitaa akimtakia heri.

Filipo akaenda kwa wenzake nyuma ya turubai, wakajaribu wimbo mara moja kabla ya zamu yao. Ilikuwa aibu. Gitaa liliwapandisha juu, na akina mama wakapanda nalo mpaka sauti zikawakatikia njiani. Mmoja akakohoa. Wanaume waliokuwa wakinguruma chini wakabaki hawajui waende wapi. Costancia akatoa amri waanze tena, na ikawa vibaya zaidi. Watu wa kwaya nyingine wakageuka kutazama.

Filipo akajua kilichotokea. Akazilegeza nyuzi kwa haraka, kisha akagundua kwamba hakuwa na pa kuipata ile sauti. Siku zote ilikuwa pale kwenye mkwaju, na yeye hakuwahi kuhitaji kuiweka kichwani. Akafumba macho aikumbuke, akasikia honi, na buti, na vipaza sauti.

Halafu akapata wazo la mtu wa reli. Alikimbia mpaka njia ya pembeni ya stesheni, penye mabehewa mabovu, akaokota jiwe, akapiga magoti, akaigonga reli. Ikasema ko. Akagonga pengine, kwa nguvu. Ko. Ni chuma kilekile, kimetoka kiwanda kilekile, na hakina sauti. Hata katika shida ile ugonjwa wake ulimpanda, akainama akaweka sikio, akataka kujua kwa nini.

"Hiyo imelala," sauti ikasema nyuma yake. "Ya kwetu imening'inia."

Alikuwa Lea, amemfuata na sare za watu mkononi. Filipo alimtazama kutoka pale chini, magoti yamejaa masizi. Na hapo ndipo alipouliza, pengine kwa mara ya kwanza tangu wahame, swali ambalo jibu lake alikuwa nalo mkewe peke yake.

"Mama Magreti, ile sauti ya kengele yetu unaikumbuka?"

 Treni ilipita, Lea akaingoja ipite.

"Baba Magreti, inaniamsha kila siku kabla ya watu wote," akasema. "Nitaisahau vipi?"

Akasimama wima, akaweka sare chini juu ya jiwe, akaitoa kwa kuivumisha puani, midomo imefungwa. Ilikuwa yenyewe. Ile sauti ya chuma aliyokuwa akiichukia ilikuwa imekaa ndani yake imetulia kama kisu ndani ya ala. Filipo akaukaza uzi mnene mpaka sauti mbili zikawa moja, na Lea hakuikatisha. Aliishika tu, akavuta pumzi, akaishika tena, mpaka uzi wa mwisho ukaitikia. Machozi yalikuwa yakimtoka Filipo, na hakuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Wakaitwa. Tushikamane ikapanda jukwaani, gitaa likaanza, na safari hii sauti zikakaa mahali pake. Lea alisimama pembeni, karibu na ngazi, pamoja na masufuria. Wakafika katikati ya wimbo, mahali wanapoparuka. Wala hawakuparuka, kwa sababu kutoka pale ngazini Lea aliingia.

Haikupanda. Siku zote Filipo alikuwa akiitafuta juu, na kumbe ilishuka, ikashuka hatua ndogo ndogo mpaka mahali ambapo ulidhani imekwisha, halafu ikajikunja na kurudi. Kwaya ilinyamaza bila kuambiwa. Filipo naye aliacha kupiga. Costancia alimkazia macho, kidole chake kikiamuru gitaa liendelee, naye hakumwona. Alikuwa ametega sikio, mdomo wazi, kama siku ile alipofika kuomba maji.

Ushindi walipewa watu wa Dumila, na waamuzi walisema kwamba mpigaji gitaa wa Tushikamane alisahau wimbo katikati. Jambo hilo lilimuudhi Costancia kwa muda mrefu.

Jioni walirudi kwa treni. Wenzao walikuwa wakila karanga na kuwasema waamuzi. Filipo na Lea walikaa dirishani, gitaa kati yao. Lea akamwambia asidhani yeye amelisahau lile neno lake la siku ya lori. Filipo akasema anajua. Kisha akasema kwamba kiangazi hiki atamwomba Melkizedek ruhusa, wapande wote milimani, akakae huko apendavyo, na yeye atashuka au atabaki, atakavyoambiwa. Lea akatazama nje mashamba ya mkonge yakipita. Filipo alikuwa na swali, na aliligeuzageuza mdomoni kwa muda kabla hajalitoa.

"Siku ile ya mjomba, kama ningekuuliza, ungesemaje?"

Lea alifikiri, kwa maana lilikuwa swali la haki na lilistahili kufikiriwa.

"Ningesema twende," akasema. "Nilitaka na mimi kuona itakuwaje."

 Filipo alikuwa amekaa miaka yote na mtu mwenye ugonjwa uleule, na hakujua.

Asubuhi iliyofuata alikwenda mkwajuni na nyundo yake kama kawaida. Alikipiga kipande cha reli mara moja, akainua mkono apige tena. Kutoka jikoni kwake, ile sauti ikapokelewa kabla haijafa, kwanza puani, kisha kwa maneno, na wimbo wa kupura ukaanza kutembea kuelekea mahali pake pa kugeuka. Nyundo ikabaki hewani. Watu wengi walichelewa shambani siku hiyo, na Melkizedek akaja kwa ukali kutaka kujua kwa nini kengele imelia mara moja tu.

Filipo alimwamkia kwanza, akamwomba asogee karibu, asikilize.